Majirani wanaouliza ulikuwa wapi

Katsuya Eguchi ni mtu wa Chiba, mkoa unaopakana na Tokyo, na mwaka 1986 alihamia Kyoto kuanza kazi katika kampuni ya Nintendo. Kyoto ni mbali na kwao. Nyuma aliacha familia na marafiki, na katika mahojiano ya miaka ya baadaye ameeleza kwamba upweke wa siku zile ulimfanya aone thamani ya mambo ambayo mtu huyachukulia kuwa ya kawaida mpaka ayakose: ndugu, rafiki, jirani anayekujua kwa jina. Alipopata familia yake mwenyewe, shida ile ikaja kwa sura nyingine. Alikuwa akitoka kazini usiku na kukuta watoto wameshacheza gemu zao bila yeye. Waliishi chini ya paa moja, ila saa zao hazikukutana.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la gemu ambayo watu wa nyumba moja wangeicheza bila kulazimika kukaa pamoja mbele ya televisheni. Mtoto apande mti mchana, baba auone usiku. Baba aache barua, mtoto aikute asubuhi. Gemu hiyo ilitoka Japani Aprili 14, 2001, kwenye konsoli ya Nintendo 64, kwa jina la Dōbutsu no Mori. Duniani kote inajulikana kama Animal Crossing. Toleo lake la mwaka 2020, New Horizons, limeuza zaidi ya nakala milioni 45, na Januari 2026 lilipata nyongeza kubwa ambayo wachezaji wengi walikuwa wameshakata tamaa ya kuiona.

Nyongeza hiyo, Toleo 3.0, ndiyo iliyonisukuma kuandika. Imesifiwa kwa wingi wa vitu vipya, na ni kweli vipo vingi. Lakini mimi naona kipimo cha haki ni kile cha Eguchi: je, jambo hili jipya linawasaidia watu wasioonana waishi mji mmoja? Baadhi ya yaliyoongezwa yanapita mtihani huo vizuri sana. Mengine hayapiti.

Kwa asiyewahi kuigusa gemu hii, humo hakuna adui wala mwisho wa safari. Unafika kwa ndege kwenye kisiwa kisicho na watu, wewe na wanyama wawili wanaosimama wima na kuvaa nguo, na mwenyeji wenu ni Tom Nook, mfanyabiashara ambaye ni tanuki, mnyama wa jamii ya mbwa anayepatikana Asia Mashariki. Unapewa hema. Kuanzia hapo unavua samaki, unakamata wadudu, unachimba masalia ya viumbe vya kale, unatikisa miti ukitafuta matunda na mara nyingine unaangusha kiota cha nyigu. Kidogo kidogo kisiwa kinageuka mji wenye duka, jumba la makumbusho, mafundi cherehani na madaraja. Wakazi huongezeka hadi kumi, na hutoka katika orodha ya wanyama zaidi ya 400. Tabia zao ni za aina nane: yupo mvivu anayewaza chakula muda wote, yupo mwanamichezo asiyechoka kuzungumzia misuli, mzee mwenye hasira, bibiye mwenye maringo, dada mkubwa wa mtaa anayetaka kumtetea kila mtu.

Kinachoitenga gemu hii na nyingine za kujenga miji ni saa. Saa ya kisiwa ni saa ya konsoli yako, na saa ya konsoli ni ya ukutani kwako. Ikiwa saa mbili usiku sebuleni, ni saa mbili usiku kisiwani. Duka hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa nne usiku, ukichelewa umechelewa. Kuna samaki wa alfajiri na samaki wa usiku wa manane, kuna mdudu anayeonekana miezi miwili tu kwa mwaka. Jumamosi mbwa mweupe aitwaye K.K. Slider huja na gitaa. Kila saa ina muziki wake, kwa hiyo anayecheza saa kumi na moja alfajiri kila siku na anayecheza saa tatu usiku husikia miji miwili tofauti kwa masikio. Kaseti ile ya 2001 ilitengenezwa ikiwa na saa ndogo ndani yake, inayoendelea kuhesabu hata konsoli ikizimwa, na nionavyo saa ile ndiyo uvumbuzi wenyewe. Bila saa, baba wa usiku na mtoto wa mchana wangekuta mji uleule. Kwa kuwa ipo, kila mmoja anaona ambacho mwenzake hakioni, na wakikutana mezani wana cha kusimuliana.

Ukiondoka kwa muda mrefu, mji hauharibiki, lakini unajua. Magugu yanaota. Mende wanaingia nyumbani kwako. Jirani wa kwanza utakayemsalimia atataka kujua ulikuwa wapi siku zote hizo, na wengine watakuwa wamekuwazia mabaya. Wapo wachezaji wanaosogeza saa ya konsoli mbele ili kupata kesho kabla ya kesho. Ni haki yao, ila naamini wanajinyima kilicho bora humo.

Kalenda ya mji huu ni ya nchi yenye majira manne, na mwanzoni unaulizwa kama uko kaskazini au kusini mwa dunia. Mchezaji wa Dar es Salaam akijibu kwa ukweli atasema kusini, na kuanzia Juni hadi Agosti kisiwa chake kitafunikwa na theluji. Wa Kampala, aliye juu kidogo ya ikweta, ataipata Desemba. Masika na vuli havimo kabisa. Hilo halinisumbui, Kyoto ina haki ya kuandika majira yake. Ila mtoto wa Afrika Mashariki anayekusanya vipande vya theluji usiku wa Julai na kumwonyesha nyanya yake anapaswa kujua kwamba anaangalia mwaka wa watu wengine, na kwamba mwaka wa kwetu bado unangoja mtu wa kuutengenezea gemu.

Halafu kuna deni. Tom Nook hukujengea nyumba kwanza, ulipe baadaye. Nyumba ya kwanza, ile inayochukua nafasi ya hema, ni Bells 98,000, Bells zikiwa ndiyo fedha za mji. Ukiimaliza atakushawishi upanue nyumba kwa 198,000, kisha 348,000, na kuendelea hadi chumba cha chini ya ardhi cha 2,498,000. Hatua zote hizo saba zikijumlishwa zinafika Bells 5,696,000. Wachezaji wamemwita Nook mnyonyaji kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikubaliani nao. Mkopo wake hauna riba wala tarehe ya mwisho. Hakupigii simu, hatumi ujumbe kwa ndugu zako. Ukilipa Bells mia moja leo na nyingine baada ya miezi mitatu, anapokea na kushukuru. Yeyote aliyewahi kuingia kwenye mikopo ya kausha damu, au aliyemwona mama wa jirani akikimbia nyumba yake kwa sababu ya wadai, atatambua mara moja kwamba aliyeandika sehemu hii ya gemu alikuwa akiota dunia yenye huruma.

Anayetaka utajiri wa haraka ana njia yake. Jumapili kabla ya saa sita mchana hupita nguruwe mdogo aitwaye Daisy Mae, akiuza tanipu kwa bei ya kati ya Bells 90 na 110 kila moja. Dukani bei ya kuziuza hubadilika mara mbili kwa siku, na Jumapili inayofuata zote zinaoza. Wiki nyingine bei haipandi kabisa. Wiki nyingine inapita 500. Katika miezi ya mwanzo ya gemu, mwaka 2020, mtu aliyeamka na bei nzuri kisiwani kwake alikuwa akifungua uwanja wa ndege, na wageni wasiomjua wakapanga foleni wakiwa na mizigo ya tanipu na zawadi za kumwachia mwenyeji.

Jumba la makumbusho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Msimamizi wake ni bundi, Blathers, msomi mpole anayelala mchana na kuomba radhi kila unapomwamsha. Katika nyumba nyingi za pwani yetu, bundi akilia juu ya paa, watu hunyamaza na kuomba dua. Kumkuta ndege huyo akiwa mlezi wa elimu ya mji mzima, tena mwenye kuogopa wadudu hadi mwili unamsisimka, ni furaha ya pekee. Kila kiumbe unachomletea ana maneno ya kukieleza, na hayo ni elimu ya kweli, si porojo.

Humo yumo samaki ambaye Watanzania, Wakenya na Wakomoro wana haki ya kumsimamia kifua mbele. Ni silikanti. Mvua inaponyesha kisiwani, ukisimama ufukoni na kutupa ndoana penye kivuli kikubwa, unaweza kumpata, na dukani anauzwa kwa Bells 15,000, bei ya samaki adimu kabisa. Wanasayansi waliamini kwamba jamii yake ilitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka Desemba 1938 alipopatikana mmoja katika samaki wa meli ya uvuvi karibu na East London, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho madogo ya mji huo, akamtambua kuwa si samaki wa kawaida. Wa pili, mwaka 1952, alitoka Anjouan katika Komoro. Kuanzia 2003 wavuvi wa Tanzania nao walianza kumnasa, na wengi walinaswa kwenye majarife ya maji ya kina mbele ya Tanga, hata mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga. Kwa watoto wengi wa Japani, Marekani na Ulaya, jina la samaki huyu lilifika kwanza kupitia tangi la Blathers. Ningependa mtoto wa Tanga ajue kwamba samaki yule anaogelea pia chini ya ngalawa za kwao.

New Horizons ilitoka Machi 20, 2020, wiki ambayo nchi nyingi zilikuwa zikifunga shule, ofisi na mipaka. Hadi Machi 31 ilikuwa imeuza nakala milioni 11.77. Gemu iliyobuniwa na mtu aliyekosa muda wa kuonana na wanawe ikawa mahali pa kukutania kwa watu waliokatazwa kuonana kabisa. Wachumba walioahirishiwa harusi walifunga ndoa kisiwani, wageni wao wakikaa kwenye viti vya mbao walivyochonga wenyewe. Wahitimu walipewa mahafali. Mwanasiasa wa Marekani Alexandria Ocasio-Cortez alitembelea visiwa vya wafuasi wake, na jumba la makumbusho la Metropolitan la New York likaruhusu picha zake za sanaa zitundikwe katika nyumba za wachezaji. Wanaharakati wa Hong Kong, Joshua Wong akiwa mmoja wao, waliandika madai yao juu ya mchanga wa visiwa vyao. Siku chache baadaye gemu iliondolewa kwenye masoko makubwa ya mtandaoni nchini China.

Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya jambo lisilo la kawaida katika mijadala ya gemu na afya ya akili. Badala ya kuwauliza watu wamecheza muda gani, walipewa na kampuni za gemu zenyewe kumbukumbu halisi za saa za uchezaji. Wachezaji 3,274 wa gemu mbili, Animal Crossing ikiwa mojawapo, walishiriki. Waliocheza zaidi walielekea kuripoti hali nzuri zaidi ya nafsi, kwa kiwango kidogo. Watafiti hawakusema kwamba gemu ndiyo iliyoleta furaha hiyo. Inawezekana kabisa kwamba wenye furaha ndio waliokuwa na hamu ya kucheza. Lakini kwa mzazi aliyeambiwa kila siku kwamba skrini ni sumu, takwimu zile zilikuwa na jambo la kumtuliza.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Kadiri miaka ilivyopita, mchezaji ameongezewa madaraka, na majirani wamepunguziwa. Katika matoleo ya mwanzo wewe ulikuwa mhamiaji, mtu wa mwisho kufika. Majirani walikusema, walikununia, walikutania kuhusu nguo zako, na siku moja ungeamka ukute rafiki yako ameshahama, amekuachia barua tu. Iliuma. Mwaka 2012 New Leaf ilikufanya meya, ukiwa na katibu wako Isabelle na uwezo wa kupitisha sheria ndogo, kwa mfano maduka yafunguliwe mapema au yafungwe kwa kuchelewa. Ni toleo zuri mno. Lilisimamiwa na Aya Kyogoku na Isao Moro chini ya Eguchi, na karibu nusu ya timu yake walikuwa wanawake, jambo ambalo Eguchi na Kyogoku wenyewe walilitaja kwa fahari walipohutubia mkutano wa watengeneza gemu San Francisco mwaka 2014.

New Horizons, Kyogoku akiwa mkurugenzi, ilisonga mbele zaidi. Unaweza kuchimba mto, kuvunja mlima, kuamua kila mti usimame wapi. Visiwa vilivyojengwa na mafundi wa kweli ni maajabu ya macho. Ila jirani hawezi tena kuhama bila idhini yako; anakuja kukuuliza, nawe unakubali au unakataa. Maneno yao yamelainishwa mpaka yule mzee mwenye hasira hana hasira tena, na ukizungumza na mtu mara nne kwa siku moja umeshamaliza karibu yote aliyo nayo. Jirani asiyeweza kukukasirisha wala kukuacha anakaribia kuwa fanicha. Wachezaji wakaanza kuwabagua wanyama kwa sura, wakiwafukuza "wabaya" na kununua "wazuri" kwa mamilioni ya Bells. Eguchi aliondoka Chiba akiwakumbuka watu, na sidhani kama aliwachagua kwa sura.

Nintendo iliijaza gemu kwa nyongeza za bure mwaka mzima wa 2020: sanaa bandia na halali za mbweha Redd, kupiga mbizi, kutembeleana ndotoni. Novemba 2021 likaja Toleo 2.0, lenye mgahawa wa kahawa wa Brewster ndani ya makumbusho, mashua ya Kapp'n anayeimba njia nzima, kilimo cha nyanya, ngano, viazi, karoti na miwa, na upishi. Kampuni ikasema hiyo ndiyo nyongeza kubwa ya mwisho. Miaka minne ikapita kimya. Ndiyo maana tangazo la Oktoba 2025 liliwashtua hata waliokuwa wameshauza konsoli zao.

Katika Toleo 3.0, sura inayosimulia vizuri zaidi ni ya Resetti. Huyu ni fuko, na wachezaji wa zamani wanamkumbuka kwa hofu. Zamani ukizima konsoli bila kuhifadhi, pengine ili kufuta kosa ulilofanya, ulipowasha tena alichomoza ardhini mlangoni kwako na kukukaripia kwa dakika nzima. Watengenezaji walisimulia kwamba wapo watoto waliolia mbele yake. New Horizons inajihifadhi yenyewe kila wakati, kwa hiyo kazi ya Resetti iliisha, akabaki mtoa huduma wa uokoaji kwa waliokwama. Sasa amerudi na kazi mpya: unamwonyesha eneo la kisiwa, naye anaondoa vitu vyote vilivyotapakaa na kuvipeleka stoo kwako. Kwa aliyeacha kisiwa mwaka 2021 kikiwa nusu kimechimbwa, fuko huyu anamwondolea siku nyingi za kazi ya kuinama na kuokota, na kumpa ujasiri wa kuanza upya. Hilo ni rehema, na linawarudisha watu mjini.

Stoo yenyewe sasa inaweza kubeba hadi vitu 9,000, na kwa mara ya kwanza inapokea miti, vichaka na maua. Kutengeneza vitu kwa wingi kwa mara moja kumewezekana. Anayejua uchungu wa kutengeneza chambo cha samaki kimoja kimoja, thelathini mfululizo, hahitaji maelezo. Kuna mavazi na fanicha kutoka gemu nyingine za Nintendo, za Zelda na Splatoon, na vitu vya LEGO. Hivyo ni vya kupendeza, tuviache hapo.

Jengo jipya ni hoteli gatini, inayoendeshwa na Kapp'n na familia yake: mkewe Leilani, binti yao Leila, na bibi mzee wa nyumba. Unawapambia vyumba kwa mitindo mbalimbali, wageni wanakuja kulala, na wanatoka kutembea kisiwani kwako. Ukitengeneza vitu vya kuuzwa nje unalipwa tiketi za kununulia bidhaa za hoteli. Kazi ya kupamba vyumba ilikwishaonekana katika Happy Home Paradise, nyongeza ya kulipia ya 2021, na wapo watakaosema hoteli ni marudio. Mimi ninaipenda kwa sababu ya wageni. Kisiwa cha wakazi kumi waliochaguliwa kwa uangalifu kimeanza tena kupita nyuso zisizochaguliwa. Unakutana darajani na kiboko uliyemkataa miaka mitano iliyopita, mnaongea, na unagundua ana maneno mazuri. Wageni hao hawakai, na nasikitika kwamba hawawezi kujenga nawe historia, lakini mlango umefunguka.

Jambo lililo karibu zaidi na wazo la mwaka 2001 ni visiwa vya usingizini. Unalala kitandani mwako na kuamka kwenye kisiwa kingine, tofauti na kile chako cha kila siku, ambacho unaweza kukijenga pamoja na marafiki kupitia intaneti. Unaruhusiwa kuwa na vitatu, vya ukubwa tofauti, na vitu vya kupambia huvigharimii kama kule nyumbani. Kwa ndugu waliotawanyika, mmoja Mombasa, mwingine Muscat, mwingine Minneapolis, hapa ndipo pa kujenga barabara moja kwa mikono mitatu. Sharti ni moja na si dogo: lazima uwe mwanachama wa huduma ya mtandao ya Nintendo, inayolipiwa, na uwe na intaneti ya kutegemewa.

Wenye konsoli mpya, Switch 2 iliyotoka Juni 2025, wanaweza kulipa dola 4.99 za Marekani na kupata toleo lililoboreshwa: picha kali zaidi, kupanga fanicha kwa kidhibiti kinachotumika kama kipanya, na wachezaji hadi 12 mtandaoni badala ya wanane. Humo kuna kifaa kidogo ambacho wengi wamekipita haraka. Ni kipaza sauti. Unataja jina la jirani kwa sauti yako mwenyewe, konsoli inasikia, na popote alipo kisiwani anaitika, nawe unajua pa kumfuata. Miaka 25 mchezaji amekuwa akizungumza na majirani hawa kwa kubonyeza vitufe. Sasa mtoto asiyejua kusoma bado anaweza kumwita rafiki yake kwa jina na kuitikiwa, na nikiulizwa ni jambo gani katika Toleo 3.0 Eguchi yule wa Kyoto angelifurahia kuliko yote, ningetaja hilo.

Wanaocheza kwenye simu nao wana habari yao, na ni ya kutia moyo. Pocket Camp, Animal Crossing ya simu, ilianza 2017 ikiwa ya bure yenye manunuzi ya ndani. Huduma yake ya mtandao ilifungwa Novemba 2024. Gemu nyingi za simu zikifungwa, kila alichojenga mtu hupotea pamoja nazo. Hapa Nintendo ilitoa toleo la kununua mara moja, Pocket Camp Complete, lisilodai intaneti kila wakati wala kukuomba fedha njiani, na wachezaji wa zamani wakaruhusiwa kuhamishia kumbukumbu zao humo. Kampuni nyingine za gemu za simu hazina kisingizio tena.

Limebaki kosa moja, na limebaki kwa makusudi. Konsoli moja ina kisiwa kimoja, na hadi watu wanane wanaweza kukaa humo, kila mmoja na nyumba yake. Hadi hapo ni ndoto ya 2001 kamili. Lakini anayefungua gemu siku ya kwanza ndiye anayekuwa mwakilishi wa wakazi, na mamlaka yote ni yake. Yeye tu ndiye anayeendesha hadithi ya kisiwa mbele, anayeweka madaraja na ngazi za mlimani, anayehamisha majengo. Wanaofuata huishi kama wapangaji. Wanaweza kuvua, kupanda maua, kulipa deni la Nook, na kuchangia fedha za daraja ambalo hawakuulizwa likae wapi. Katika nyumba ya watoto watatu na konsoli moja, ambayo ndiyo hali ya nyumba nyingi duniani, jambo hili limeleta machozi tangu wiki ya kwanza, na Toleo 3.0 halikuligusa. Wametuwezesha kujenga kisiwa na mtu aliye nchi nyingine kwa ada ya uanachama, huku ndugu wa kitanda cha chini akiwa hawezi kuweka daraja kwenye kisiwa anacholala.

Animal Crossing ijayo, kwa jina lolote itakalopewa, ianzie kazi yake hapo, na mtoto wa tatu apewe kura sawa na wa kwanza.